Marahaba Uliyompa Baba

Maji ya Chai,
Jumapili alasiri, kabla shule hazijafunguliwa.

Mpendwa dada,

Leo nitakueleza yote. Nimejiapia hivyo kanisani asubuhi, wakati kwaya ikiimba bila besi ya baba, na sitaki kulala kabla sijatimiza. Mwalimu wetu wa Kiswahili angenipunguzia alama, maana barua hii haijaanza na salamu. Salamu ninayo, dada. Nimeiweka mwisho kwa makusudi, na ukifika huko utajua kwa nini.

Bahasha pia sitaifunga. Rafiki yako Neema atapita hapa akirudi huko Singida uliko, na nimemwambia aisome akipenda. Kabla yake nitamsomea mama, na nitamsomea shangazi. Mambo yaliyokuondoa nyumbani yalisemwa mbele ya watu. Haya ninayokuandikia nayo yasikiwe na watu.

Unakumbuka Jumamosi za bucha? Kazi yangu ilikuwa kufukuza nzi kwa gazeti. Yako ilikuwa maini. Baba aliweka ini zima juu ya gogo, bado lina joto, akakuonyesha kile kifuko cha nyongo cha kijani kilivyojificha chini yake, kisha akakupa kisu kidogo na kugeukia wateja kana kwamba hakuangalii. Siku moja ulikitoboa. Nyongo ikasambaa, ini lote likawa chungu. Yule mama muuza ndizi aliyekuwa akilisubiri akasema, "Huyu akiwa daktari si atatumaliza wote." Watu wakacheka, nawe ukaenda kulia nyuma ya bucha.

Jioni baba alilileta lile ini nyumbani. Mama alilikaanga kwa vitunguu vingi na pilipili hoho, lakini uchungu haukutoka. Mimi nilitema. Mama alisukuma sahani. Baba alilila peke yake, polepole, mpaka sahani ikabaki nyeupe, akisema eti ni dawa ya malaria. Kisha akajipiga kifua na kukuambia, "Wamesema daktari atatumaliza. Mbona mimi nipo?"

Ndiyo siku aliyoanza kukuita daktari. Na ndiyo siku aliyotoa ile ahadi yake, kwamba utakapovaa koti jeupe yeye ndiye atakayekuamkia. Mama alimkemea, akasema mzazi hamwamkii mtoto hata kwa utani. Baba akajibu kwamba na koti lake la bucha ni jeupe, kwa hiyo wenye makoti wataelewana wenyewe.

Mimi nilikuwa mdogo kiasi kwamba niliamini mtafanya kazi moja. Ulipoanza chuo na kuja nyumbani mwisho wa wiki kutoka chumba chako cha Levolosi, mama alifua makoti yenu siku moja, lakini kamwe si katika beseni moja. Lako kwanza, la baba baadaye, kwa sababu ya damu. Yote mawili yalianikwa kwenye kamba ileile, kati ya migomba. Upepo ukivuma mikono yake ilipigana. Baba alikuwa akipita chini yake anasema, "Daktari anagombana na mchinjaji."

Halafu baba akaanza kuchoka. Wewe ulikuwa chuo, hukuyaona ya mwanzo. Suruali ilimlegea kiunoni huku tumbo likijaa. Alikaa chini kwenye mazoezi ya kwaya, yeye ambaye hakuwahi kuimba akiwa amekaa. Macho yakawa ya manjano. Watu walipojua ni ini, walisema pombe. Hata waliomjua tangu ujana, waliomwona kwenye harusi ngapi akipitisha kata ya mbege kwa jirani bila kuonja, walisema labda alikuwa anakunywa kwa siri. Hilo lilimuumiza kuliko tumbo. Wewe ndiye uliyemweleza kwamba kuna kirusi kinachoweza kukaa kwenye ini miaka na miaka kimya kabisa, na mtu hajui. Baba akafikiri sana, akakuuliza kama unaweza kuja kuwaambia wanakwaya.

Akalazwa kwenu. Katika hospitali yote ile, akalazwa katika idara ya magonjwa ya tumbo na ini, na nyinyi wanafunzi ndiyo kwanza mlikuwa mmehamia hapo kwa mafunzo. Ulitaka kumwambia profesa kwamba huyu ni baba yako. Baba alikukataza, na mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda nikimmenyea chungwa. Alisema wakijua hivyo wataanza kumficha mambo na kunong'ona mlangoni. Alitaka awe mgonjwa kama wagonjwa wengine, aambiwe ukweli kama wengine. Ulimuuliza je, wakiona jina? Akacheka mpaka akashika ubavu. Kina Mbise kama sisi walikuwa watatu katika wodi ile moja, na wa nne alikuwa muuguzi. Profesa alikwisha kusema kwamba jina hilo huku Meru halimtambulishi mtu.

Sasa nafika asubuhi ile. Najua hutaki kuisoma. Naomba usiruke.

Nilikuja na chupa ya uji mapema, nikakuta raundi imeshaanza. Muuguzi aliniambia nisimame nyuma ya pazia la kitanda cha jirani. Pazia lilikuwa na nafasi. Niliwaona wote mmemzunguka baba, makoti meupe matupu, na profesa katikati, yule mama mrefu mwenye sauti ya chini ambayo inawafanya watu wanyamaze. Mwenzenu mmoja alimbonyeza baba tumbo, akasema hakuona kitu. Wa pili alisema labda. Kisha profesa akakunyooshea kidole wewe.

Ulisugua viganja vyako. Kila mtu alifikiri unavipasha joto ili usimshtue mgonjwa. Mimi niliona vinatetemeka. Na baba aliona, dada. Alikuwa anaiangalia mikono yako tu. Ukasogea, ukainama, ukasimama tena. Ukabaki hivyo, mkono mmoja hewani juu ya shuka. Mtu mmoja nyuma akakohoa.

Ndipo baba akasema, kwa sauti ileile ya bucha, "Shikamoo, daktari."

Wenzako wakacheka kidogo. Wewe ukawa kama umepigwa. Profesa alikugeukia akasema, "Mwitikie mzee. Mgonjwa akikupa heshima usimwachie mkononi."

Ukasema, "Marahaba."

Ulisema chini sana, lakini nililisikia. Baba alifumba macho. Halafu ukamwambia kwamba mikono yako ni ya baridi, avumilie, na ukaweka viganja upande wa kulia chini ya mbavu, ukamwambia avute pumzi. Mikono haikutetemeka tena. Ilikwenda polepole, kama ilivyokwenda juu ya gogo. Profesa akakuuliza umeona nini, nawe ukasema ini limekua kupita mbavu, ni gumu, lina vinundu, na kuna maji tumboni. Kila neno ulilisema sawasawa. Profesa akasema vizuri. Ni neno dogo, lakini wenzako waligeuka kukutazama.

Kisha akainama kwa baba akamuuliza kama ameelewa alichosema daktari.

Baba akajibu, "Nimeelewa, mama. Ini la namna hiyo mimi sijawahi kumuuzia mtu."

Hakuna aliyecheka. Wewe ulitoka. Nilisikia viatu vyako kwenye korido, na sikukufuata kwa sababu nilikuwa na chupa ya uji na sikujua niiweke wapi.

Haya yanayofuata ndiyo usiyoyajua.

Raundi ilipohamia chumba kingine nilifungua pazia. Nilidhani nitamkuta baba analia. Alikuwa amekaa amejiegemeza kwenye mto, anatazama dirishani ambako Meru ilikuwa imeanza kutoa kichwa kwenye mawingu, na uso wake ulikuwa kama wa siku ya Kipaimara changu. Aliniuliza, "Umesikia?" Nikasema nimesikia, na nikasema nimesikitika. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Akasema, "Umeiona mikono yake ilivyotulia? Nilijua nikimpa lile neno itatulia."

Nikamuuliza kwa nini alikuacha umtamkie habari mbaya kama ile. Alikunywa uji kwanza. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile, na leo nayatua kwako kama alivyoyasema:

"Habari hiyo ilikuwa inakuja tu. Bora imenifikia kwa mdomo wa mtoto wangu. Na ile marahaba, nilianza kuisubiri siku ile aliponipasulia nyongo."

Hakuishia hapo, dada. Alisimulia kwa kila mtu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alisimuliwa ingawa alikuwepo na alisikia mwenyewe. Mwinjilisti alikuja kumwombea akasimuliwa kabla ya kufungua Biblia. "Nimemwamkia daktari wangu, akaniitikia." Walipokuja wanakwaya alisimulia huku akiigiza profesa, na wakacheka, na yule kiongozi wa besi akasema basi na sisi tukikutana naye itabidi tumwamkie. Shangazi naye alikuwepo siku hiyo. Yeye hakucheka. Wewe hukuyaona haya kwa sababu tangu asubuhi ile ulikuwa unakuja saa ambazo watu hawapo, unasimama miguuni pa kitanda, unasoma faili lake, na unaondoka. Baba alisema niwaache madaktari wafanye kazi yao. Alisema utakuja tu kukaa.

Hakukaa sana baada ya hapo. Alifariki siku ya mvua, na wewe ulikuwa miguuni pa kitanda.

Kuhusu msibani nitaandika kwa kifupi maana bado naona aibu kwa niaba ya watu wazima. Tulikuwa tunamenya ndizi kwenye turubai, wanawake wengi, na mtu akakusifu kwamba umejikaza. Shangazi akasema, bila kuinua macho kwenye kisu, kwamba kwa nini usijikaze, mtoto aliyepokea shikamoo ya baba yake mzazi amekwisha kumtoa katika hesabu ya wazee walio hai, alichobakiza ni kumzika. Niliona ukiweka ndizi chini. Mama hakuwa karibu. Nami nilikuwa na mdomo, lakini mtoto wa shule katikati ya wanawake wale hupewa nafasi gani?

Asubuhi iliyofuata baada ya maziko nilikukuta unafunga begi. Nikakuambia, "Shikamoo, dada." Kama kila siku. Ulinitazama, midomo yako ikasogea, hakikutoka kitu. Ukanipapasa kichwani ukatoka. Nilibaki mlangoni nikisubiri. Nilikuwa nafikiri pengine hukunisikia. Nikasema tena, na ulikuwa umeshafika barabarani.

Simu yako haipatikani. Tungekuwa hatujui uko wapi kama Neema asingekuwa na huruma. Alitueleza kwamba unamsaidia kwenye duka lake la dawa na kwamba wateja wanakupenda, unawaeleza dawa kwa upole. Kisha akaniambia jambo moja kwa sauti ya kushangaa tu, hakujua ananiambia nini. Alisema, "Ila dada yako ana vituko. Watoto wakija dukani wakimwamkia, anawajibu 'asante'."

Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba. Dada, unawajibu watoto wa watu asante.

Sasa nikueleze ya kwetu. Baada ya baba kufariki idara ilituita tupimwe, mama na mimi. Mimi sina kile kirusi, na nimeanza chanjo, mkono uliniuma kidogo. Mama anacho. Usiogope, walisema kimelala, lakini lazima awe anarudi kliniki mara kwa mara waangalie ini lake, maisha yote. Anarudi. Anavaa kile kitenge cha bluu kama anakwenda harusini. Wiki iliyopita nilimsindikiza, akabonyezwa tumbo na mwanafunzi mmoja mpole. Tulipotoka mama alisema kijana yule ana adabu, ila anabonyeza kama anayechagua parachichi. Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Wangu angejua pa kushika."

Siku hiyohiyo tulikutana na profesa kwenye korido. Alinitambua kwa sababu ya chupa ya uji, nadhani, maana bado naitumia. Akauliza habari zako. Alisema mwanafunzi wake mzuri ameacha bila kuaga na kwamba amemtafuta. Mama alinitazama, nami nikaona kwamba mimi ndiye wa kusema. Nikamwambia yule mzee wa kitanda cha dirishani, aliyesema hajawahi kumuuzia mtu ini kama lile, alikuwa baba yetu.

Profesa alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Alikaa pale katikati ya watu wenye kadi zao mkononi. Mwisho akasema, "Na mimi ndiye niliyemlazimisha aitikie." Nilimweleza basi yote aliyosema baba, habari ya nyongo, habari ya mikono kutulia. Aliniomba nirudie lile la mikono. Akasema amefundisha watu wengi kubonyeza ini na hakuwahi kujua kwamba siku ile mgonjwa ndiye aliyekuwa anafundisha. Kisha akasimama, akamshika mama mkono kwa mikono miwili, akasema nafasi yako ipo, amekuandikia ruhusa ya msiba, lakini muhula ukianza na hujaonekana haitakuwa tena mikononi mwake. Muhula wenu unaanza wiki mbili baada ya shule yetu.

Basi ndiyo hali. Sijui kuandika vizuri zaidi ya hapa. Mimi nataka urudi, lakini si kwa sababu ya nafasi. Nyumba imekuwa na watu wawili na viti vinne. Bucha imefungwa, gogo limekauka na kupasuka. Mwenye nyumba wako wa Levolosi alitukabidhi vitu vyako, na mama amelifua koti lako. Mara hii alilifua pamoja na la baba, katika beseni moja. Sikumuuliza kwa nini. Yako kwenye kamba sasa hivi ninapoandika, na hakuna upepo.

Hapo nilisimama nikaenda kuwasomea. Mama alilia mwanzo mpaka mwisho, kisha akasema nisiandike habari ya yeye kulia, na mimi nimekataa. Shangazi alikuwa anasugua sufuria. Nilipofika kwenye turubai nilisoma polepole, bila kuruka neno. Aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. Nilidhani atanifukuza. Nilipomaliza akauliza kama ni kweli kaka yake aliisubiri ile marahaba tangu wewe ukiwa mdogo. Nikasema ni kweli. Akaiweka sufuria chini, akasema, "Mwandikie kwamba nilikuwa na uchungu wa kaka yangu, nikaumwagia kwake." Nikamuuliza niongeze nini. Akasema niongeze kwamba naye atakwenda kliniki na mama mwezi ujao, kupimwa, na kwamba yeye hataki kushikwa tumbo na mgeni.

Nimemwandikia kama alivyosema.

Dada, baba alikupa neno moja mbele ya watu wote ili mikono yako itulie. Ulimrudishia moja, naye akalala nalo kwa furaha siku zote zilizobaki. Hukumpunguzia kitu. Mimi ndiye niliyebaki na shikamoo isiyoitikiwa, pale mlangoni. Neema atarudi tena Arusha mwezi huu kununua dawa, kwa hiyo jibu lako anaweza kuniletea akija. Usiandike kurasa nyingi. Neno moja linatosha, kwenye karatasi yoyote, hata ya kufungia vidonge.

Kaa salama huko, ule vizuri, ufunge mlango jioni. Tunakuombea kila usiku, mama kwa sauti na mimi kimyakimya.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba wa baba.

Na hii ndiyo salamu niliyokuwekea:

Shikamoo, dada.

Utaniitikia?